Barua ya wazi kwa UCI: Hukumuni usukani, msisubiri damu

Kwa:
Mheshimiwa David Lappartient,
Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI),
Aigle, Uswisi.

Nakala: Waamuzi wote wa mbio za barabarani.

YAH: HUKUMU ZA MITA ZA MWISHO NA MJADALA WA JASPER PHILIPSEN

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Mwanza, kusini mwa Ziwa Viktoria, mahali ambapo baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha mchezo. Inabeba maziwa, mkaa, samaki, na watoto wawili wa shule kwa mpigo. Siku ya mashindano ya baiskeli huku Usukumani watu hujipanga pembeni mwa barabara kama wanaosubiri msafara wa harusi. Mimi ninafundisha vijana kumi na wanne mbio za barabarani, kila Jumamosi na Jumapili alfajiri, kabla malori hayajajaa njiani. Sina cheo, wala sitafuti.

Sikuanzia hadharani. Malalamiko haya niliyaandika kwanza kwa mkono, kurasa tatu, nikayapeleka kwenye ofisi moja ya michezo ili yafike kwenu kwa kupitia ngazi zinazostahili. Nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri miezi saba. Nilipokwenda mara ya mwisho nikaikuta bahasha yangu juu ya kabati, haijafunguliwa, kuna kikombe cha chai kimewekwa juu yake na kimeacha duara la kahawia. Sikugombana na mtu. Nikaiomba, nikarudi nayo nyumbani. Ndiyo mnayoisoma sasa, nimeongeza machache.

Kwanza niwaeleze kilichonifanya nishike kalamu.

Tulikuwa na mashindano madogo ya vijana. Zilibaki kama mita mia moja na hamsini. Kijana wangu mmoja, ana miaka kumi na sita, alifyatuka akiwa katikati ya lami. Mwenzake wa timu jirani akamfuata kwa kulia, tena kwa kasi kubwa kuliko yake. Sisi tuliosimama kwenye utepe tuliona wazi kwamba anapitwa. Kijana wangu akageuza shingo mara moja, akaliona tairi la mbele la mwenzake limefika usawa wa pedeli yake, akaanza kwenda kulia. Hakumgonga. Hakumgusa hata kwa kiwiko. Alisogea tu, taratibu, kama mtu anayesukuma mlango ufunge, mpaka lami ikamwishia mwenzake. Tairi likaingia kwenye changarawe, baiskeli ikalala, na mtoto wa watu akaburuzwa.

Nilimsafisha mimi mwenyewe. Mkono ulikuwa umechubuka kuanzia kiwikoni hadi karibu na kiganja, vijiwe vimezama kwenye nyama, navitoa kimoja kimoja kwa kibanio huku ameuma kola ya jezi yake ili asipige kelele. Waandaaji wakasema hakukuwa na mgongano, hakuna aliyevunjika, matokeo yanabaki. Kijana wangu akaja na medali shingoni. Nikamuuliza kwa nini ameacha njia yake. Akanijibu bila ujeuri wowote, kama anayerudia somo alilofundishwa: "Mwalimu, hata Philipsen si anafanya hivyo? Na wanampa maua."

Nilikosa la kumwambia. Jasper Philipsen ni sprinta wa Ubelgiji, yaani mwendeshaji wa kasi ya mita za mwisho, na video ya Bayonne, mji wa Ufaransa alikombana mwenzake kwenye Tour de France ya 2023 bila kuadhibiwa, nilimwonyesha mimi.

Ili msidhani ninaandika kwa chuki, nitaje ninakosimama. Mimi ni shabiki wa Biniam Girmay wa Eritrea, na sifichi. Tarehe 1 Julai 2024, aliposhinda pale Turin na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua, yaani mbio za siku moja, ya Tour de France, nilikuwa kwenye banda la fundi wetu wa baiskeli. Runinga ndogo juu ya rafu, king'amuzi kinakwama kila upepo ukivuma, watu kama ishirini tumebanana katikati ya rimu na mabomba ya fremu. Fundi alirusha spana juu, ikaangukia ndoo ya maji, na hakuna aliyejali. Wazee waliokuja kuziba pancha walikumbatiana na vijana wasiowajua. Girmay alishinda tena Colombey-les-Deux-Églises, akashinda tena Villeneuve-sur-Lot, na akaingia Nice, mwisho wa Tour, akiwa na jezi ya kijani ya kinara wa pointi, wa kwanza kutoka bara hili.

Aliyeikosa jezi hiyo ni Jasper Philipsen. Kwa hiyo ningekuwa mtu wa kushangilia tu ningeishia hapo, nikasema alichopata kinamtosha. Lakini nina vijana kumi na wanne, na mabishano ya banda lile yamenichosha. Kuna wanaosema Philipsen ni mhuni wa barabarani anayestahili kufungiwa. Kuna wanaosema ni sprinta bora wa kizazi chake na kwamba anayemlaumu hajawahi kushika usukani kwenye kasi ya kilomita 70 kwa saa. Wanarushiana maneno mpaka chai inapoa, na kila upande una video yake. Nimesikiliza pande zote mbili kwa miaka miwili. Nimefikia mahali pa kuamini kwamba chanzo cha ugomvi huu kiko kwenu kuliko kilivyo kwa Philipsen. Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Kosa moja, hukumu kila rangi.

Kanuni yenu iko wazi. Mwendeshaji akishaanza kufyatuka kuelekea mstari wa kumalizia, haruhusiwi kuacha njia aliyoichagua kwa namna inayowahatarisha wenzake. Basi. Haisemi lazima mtu aanguke, wala haijali aliyeikiuka ni nani.

Sasa angalieni ilivyotumika. Mwaka 2017 mjini Vittel, kwenye Tour, Mark Cavendish alijaribu kupita kati ya Peter Sagan na vizuizi vya pembeni, kiwiko cha Sagan kikatoka nje, Cavendish akaanguka na kuvunjika mfupa wa bega. Sagan, bingwa wa dunia, alipewa kwanza adhabu ya muda na pointi. Jioni ileile adhabu ikageuka, akafukuzwa kwenye mashindano. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Lausanne. Desemba mwaka huohuo, Mheshimiwa Rais akiwa na miezi michache tu tangu achaguliwe, mkakubaliana kuimaliza kwa maelezo kwamba ile ilikuwa ajali ya mbio, isiyo ya makusudi. Mtu aliyefukuzwa Julai akawa hana kosa Desemba. Jezi ya kijani aliyoizoea kila mwaka ilikuwa imeshavaliwa na mwingine.

Agosti 2020, Katowice, Poland. Dylan Groenewegen aliacha njia yake, akambana Fabio Jakobsen mpaka akapasua vizuizi. Miezi tisa ya kufungiwa.

Machi 2021, Ufaransa, kwenye mbio za Cholet. Nacer Bouhanni akambana Jake Stewart kwenye vizuizi. Stewart alibaki juu ya baiskeli kwa ustadi wa ajabu, lakini mkono ulivunjika. Miezi miwili.

Julai 2023, Bayonne. Philipsen alifyatuka kwenye kona inayopinda kulia, akavuta kuelekea ndani, mpinzani wake Wout van Aert akakosa pa kupita ikabidi aache kukanyaga. Waamuzi walitazama picha. Matokeo yakabaki.

Julai 2024, Dijon. Philipsen yuleyule, Van Aert yuleyule, vizuizi vilevile. Safari hii alishushwa kutoka nafasi ya pili hadi ya 107.

Mimi ninayafundisha haya. Niwaulize kwa heshima: nikisimama mbele ya vijana wangu, nichore mstari ubaoni, niseme hapa ndipo kosa linapoanzia, mstari huo niuchore wapi? Bayonne au Dijon? Nimezitazama picha hizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikizisimamisha kila hatua. Kwa macho yangu hukumu ya Dijon ilikuwa sahihi. Kwa macho hayohayo, Bayonne nako alistahili kushushwa. Na kama angeshushwa Bayonne, naamini asingefika Dijon akiwa na tabia ileile. Ana akili sana yule kijana. Angejifunza mapema.

2. Mnaadhibu kuanguka badala ya kuadhibu tendo.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, ndiyo maana nimeliweka kwenye kichwa cha barua. Ukiacha Dijon, adhabu nilizozitaja hapo juu zinafuata uzito wa jeraha. Jakobsen aliwekwa kwenye usingizi wa dawa, uso ukashonwa nyuzi 130, meno mengi yakatoka: miezi tisa. Mkono uliovunjika: miezi miwili. Van Aert hakuanguka Bayonne, basi hakuna kilichotokea.

Lakini aliyeacha njia yake hachagui kama mwenzake ataanguka. Hilo linaamuliwa na ustadi wa yule anayebanwa, na upepo, na bahati. Van Aert ana mikono ya dhahabu. Angekuwa kijana mwenye uzoefu mdogo pale Bayonne, tungekuwa tunasimulia habari nyingine leo. Kwa utaratibu wenu, ustadi wa Van Aert ndio uliomwokoa Philipsen na adhabu.

Na mnajua kufanya vinginevyo, kwa sababu mlishafanya. Mwaka 2010, Mark Renshaw alimpiga Julian Dean kwa kichwa, tena zaidi ya mara moja, wakiwa wanaelekea mstari pale Bourg-lès-Valence. Hakuna aliyeanguka. Siku hiyohiyo Renshaw akafungasha mizigo. Tendo lilihukumiwa kama tendo, na hata wanaobishana kila kitu kwenye banda la fundi hawajawahi kulibishania hilo.

Mtoto wangu wa miaka kumi na sita ameshaisoma hesabu hii bila kufundishwa: sogea, ila asianguke mtu. Akianguka, iwe kwenye changarawe, si kwenye kamera.

3. Hukumu haina maelezo.

Baada ya Dijon tulipata mstari mmoja: ameacha njia yake, amehatarisha wenzake, ameshushwa. Mstari huo ungefaa pia kwa Bayonne, ambako hamkumshusha. Tofauti ilikuwa nini? Umbali aliosogea? Kona? Muda aliokuwa nao Van Aert wa kuona? Kama ipo sababu, na ninaamini waamuzi wenu walikuwa nayo, kwa nini tusiisome?

Tazameni ukimya huo ulivyomdhuru mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Mwishoni mwa Tour ya 2024, Girmay alimshinda Philipsen kwa pointi 33 kwenye jezi ya kijani. Nafasi ya pili kwenye hatua ya tambarare ina pointi 30. Mnaona hesabu inavyokaribia. Basi mpaka leo yupo mtu banda lile, tena si mjinga, anayeniambia kila tukikaa: "Huyo wenu alibebwa Dijon." Nikimjibu kwamba Girmay alishinda hatua tatu kwa miguu yake, na kwamba alianguka Nîmes na bado akaamka kuilinda jezi, ananitazama tu. Kama mngeandika nusu ukurasa siku ile, na picha mbili za kuonyesha pale alipoanzia na pale alipoishia, ningembandikia ukutani na mjadala ungekufa. Ukimya wenu umemwekea doa shujaa wetu, na doa hilo hakulistahili.

Mpira wa miguu nao una matatizo yake, sote tunajua. Lakini kwenye Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 mwamuzi aliyerudi kutazama video alishika kipaza sauti akawaeleza watu uwanjani ameamua nini na kwa nini. Hakuna mamlaka iliyopotea.

4. Mnapokaa kimya, mashabiki wanakuwa mahakama.

Na mahakama yao haina huruma. Groenewegen alitishiwa kuuawa mpaka nyumba yake ikawekewa ulinzi wa polisi. Bouhanni, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, alimiminiwa matusi ya rangi na asili yake, mpaka akaenda kushtaki. Alikosea Cholet, sipingi. Lakini hakuna kosa la usukani linalomruhusu mtu kutukana alikotoka babu yake. Sisi tunaotazama kutoka huku tuliyasoma matusi yale tukajua fika kwamba siku kijana wetu atakapokosea kwenye mita za mwisho kule Ulaya, hayatakuja ya baiskeli peke yake.

Niseme na la kwetu, nisije nikaonekana nasafisha nyumba ya jirani tu. Julai 2025, hatua ya tatu iliyokwenda Dunkirk, Philipsen alikuwa amevaa kijani. Kwenye kituo cha pointi njiani Bryan Coquard aligongwa, akayumba, akamgonga Philipsen, na Philipsen akaenda chini kwa kishindo ambacho sijawahi kukiona tena. Mtulinga ukavunjika. Alikuwa hana kosa hata chembe. Amelala juu ya lami, ameshika bega, jezi imechanika mgongoni damu inaonekana, na kijana mmoja bandani akapiga makofi akasema, "Mungu si Athumani!" Wengine wakacheka.

Nilinyanyuka nikazima runinga. Walinikasirikia. Lakini nilijua chuki ile imetoka wapi. Watu wakiamini kwamba mtu amekuwa akikosea bila kuguswa, wanaanza kuiomba lami imwadhibu badala ya mwamuzi. Coquard alipewa kadi ya njano, akaomba radhi mbele ya kamera akiwa amefadhaika kweli. Na hapo tena ninajiuliza: kadi ile ilitoka kwa sababu ya alichofanya, au kwa sababu ya mtulinga?

5. Barabara nayo ina kesi.

Kwa ufupi, maana hapa mmefanya kazi na ninawashukuru. Katowice mstari wa kumalizia ulikuwa kwenye mteremko, kasi inafika kilomita 80 kwa saa, vizuizi vikaruka kama makaratasi. Waendeshaji walikuwa wameshaulalamikia mteremko ule miaka kabla. Groenewegen alibeba lawama yote peke yake. Tangu hapo mmeweka viwango vya vizuizi na mmeunda kitengo cha usalama. Lakini aliyeidhinisha mteremko hakutajwa popote kwenye hukumu. Mwenye usukani ahukumiwe, na aliyechora barabara naye ahojiwe.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu nimeshayasikia yote bandani.

Mtasema sprinti ni hivyo tangu zamani, si mchezo wa watawa. Kweli. Bega kwa bega ni sehemu ya mchezo, na mimi ninawafundisha vijana kusimamia nafasi yao na kutoogopa kugusana. Kumfungia mtu njia mpaka aishie kwenye chuma ni jambo jingine. Mwendeshaji yeyote, hata wa baiskeli ya kubebea mkaa, anaijua tofauti hiyo mwilini mwake.

Mtasema kila tukio lina mazingira yake. Sawa. Basi yaandikeni hayo mazingira.

Mtasema waamuzi ni binadamu na muda ni mchache. Ndiyo maana baada ya Vittel mliongeza mwamuzi wa video kuanzia 2018. Tangu hapo picha ipo, macho yapo, na jioni nzima ipo kabla ya hatua ya kesho yake. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja wa maandishi.

Mtasema kadi za njano zimemaliza tatizo. Mimi niliziunga mkono tangu mlipozijaribu Agosti 2024. Mbili kwenye mbio moja, unatoka na unakaa nje siku saba. Tatu ndani ya siku 30, siku kumi na nne. Sita ndani ya mwaka, mwezi mzima. Hesabu nzuri, mtoto anaielewa. Lakini kadi bila maelezo ni rangi tu. Mwendeshaji anajua ameadhibiwa. Hajui angefanya nini tofauti.

Na wapo watakaosema: huyu wa Mwanza anahusika vipi na Bayonne? Septemba 2025 nilipanda basi, nikavuka Rusumo, nikaenda Kigali kwenye mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika. Nilisimama kwenye kilima cha Kimihurura, kwenye mawe, katikati ya umati ambao sijawahi kuuona maishani mwangu. Watoto wamepanda miti. Mama mmoja pembeni yangu, mgongoni ana mtoto, anawataja waendeshaji kwa namba zao na anajua nani anamfanyia kazi nani. Tukaongea Kiswahili, lugha rasmi ya kwao na ya kwetu. Mheshimiwa Rais alichaguliwa tena wiki hiyohiyo, mji huohuo. Mlikuja nyumbani. Mgeni akishakula nyumbani kwako, unaruhusiwa kumwambia jambo.

Kwa hiyo ninaomba haya.

Kwanza, kila mara mtu anaposhushwa, anapopewa kadi au anapofukuzwa kwa kosa la mita za mwisho, na pia kila mara tukio linapochunguzwa na kuachwa, itolewe hukumu ya maandishi kabla hatua inayofuata haijaanza. Isizidi ukurasa. Iseme alianzia wapi, aliishia wapi, nani alihatarishwa, na hukumu hii inafanana au inatofautiana vipi na zilizotangulia. Iwe na picha.

Pili, adhabu ipimwe kwa kilichofanywa na usukani. Wekeni ngazi zinazojulikana: kusogea, kubana, kufunga kabisa, kugonga kwa makusudi. Jeraha la aliyeanguka lishughulikiwe kwa bima na matibabu, lisiwe ndilo mizani ya kosa.

Tatu, hukumu ikitoka, itoke pamoja na onyo kutoka kwenu kwamba atakayemtukana au kumtishia mwendeshaji au familia yake hana nafasi kwenye mchezo huu. Mlitamke ninyi, kwa jina la ofisi yenu, msimwachie mwendeshaji ajitetee peke yake usiku kwenye simu.

Nne, mstari wa kumalizia usiwekwe kwenye mteremko kwenye hatua za sprinta, na jina la ofisi iliyouidhinisha liwe wazi kwa kila mtu.

Tano, na hili ni dogo kuliko yote: kanuni ya mita za mwisho, pamoja na mifano yake, itafsiriwe kwa Kiswahili na kutumwa kwa vilabu vya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Ni mistari michache. Kama mtafsiri ni tatizo, nitakaa na walimu wawili wa hapa Mwanza, tutaimaliza kwa siku moja bila malipo.

Kuhusu Philipsen mwenyewe, simwombei kufungiwa kwa mambo ya nyuma. Ameshinda hatua nne kwenye Tour moja, ameshinda Milano–Sanremo, na sijaona mtu anayesoma tairi la mbele yake kama yeye. Hatua ya 18 ya 2023, alipomwandama Pascal Eenkhoorn barabarani ili asitoroke kwenda kwa wenzake waliotangulia, nilichukia sana, na nilifurahi Eenkhoorn alipopita hivyohivyo na kumaliza wa pili. Lakini mtu wa aina hiyo, akiambiwa mapema na kwa uwazi mpaka uko wapi, anakuwa mkubwa zaidi. Mngemwambia Bayonne.

Kijana wangu nilimtaka airudishe ile medali. Alilia, akairudisha mwenyewe, kwa baiskeli, kilomita ishirini na mbili kwenda na kurudi. Mwenzake aliyeanguka amepona, siku hizi anafanya mazoezi na sisi, ila tukijaribu kufyatuka hakubali kupita upande wa ukingo wa lami. Anasubiri katikati pafunguke, na mara nyingi hapafunguki.

Natanguliza shukrani, na ninasubiri jibu lenu.

Wako katika mchezo wa baiskeli,

Mwalimu wa vijana wa mbio za barabarani,
Mwanza, Tanzania.